Onyesho la mawe lianzie machimboni: barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho nchini Uganda

Kwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Kwa Kamishna wa Makumbusho na Kumbukumbu za Kale. Na kwa wenyeviti wa wilaya za Kumi, Ngora, Tororo na Moroto.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Kumi, katika nchi ya Teso, mashariki mwa Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kabla ya kushika chaki nilishika nyundo. Sehemu kubwa ya karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye kokoto tulizovunja na mama yangu kando ya barabara, upande wa Tororo. Ninawaandikia kuomba jambo moja. Mtakapoandaa onyesho la mawe ya Uganda, watu wanaoishi kwa mawe hayo wawemo katika kazi tangu siku ya kwanza, wakiwa na kauli juu ya kitakachoonyeshwa, kitakachosemwa na jinsi fedha zitakavyotumika. Wasiitwe siku ya uzinduzi tu, wakapiga ngoma, wakapewa soda, wakarudishwa makwao kwa lori.

Onyesho hilo nchi hii inalidai. Mwaka 1919 ilianzishwa Entebbe idara ya kupima jiolojia ya Uganda, na mkuu wake wa kwanza, E. J. Wayland, mwaka uliofuata alikuta zana za mawe katika Ghuba ya Sango, magharibi mwa Ziwa Victoria. Zana nzito, zilizochongwa kwa kusudi, na hadi leo wanaakiolojia wanaokuta zana za namna hiyo mbali kabisa na hapa huzitaja kwa jina la ghuba yetu. Kando ya mto Kagera, pale Nsongezi, ardhi imehifadhi zana za zama nyingi. Magosi ya Karamoja nayo iliingia katika vitabu vya akiolojia tangu enzi za huyohuyo Wayland. Kwetu Kumi kuna Nyero, ambako mtu asiyejulikana jina alichora duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe, juu ya mwamba wa itale (granite). Michoro ya jamii hiyo ipo Mukongoro, Kapir, Kakoro, na kwenye kisiwa cha Dolwe huko Namayingo, ambako pia kuna miamba inayolia kama kengele ikigongwa na mawe yaliyochimbika vishimo kwa kusagiwa miaka na miaka. Na sijagusa marumaru ya Moroto, wala mawe ya chokaa ya Tororo yaliyolisha viwanda vya saruji tangu miaka ya 1950.

Njia rahisi ya kuandaa onyesho kama hilo tunaijua. Mawe yanatolewa stoo, yanapangwa ndani ya kabati la kioo kuanzia ya zamani zaidi, kila moja linapewa namba na kikaratasi cha maneno matatu, taa inawashwa. Watoto wa shule wanapitishwa mstari mmoja, mwalimu akiwahimiza watembee upesi maana basi linasubiri. Nimewahi kuwapitisha wanafunzi wangu mahali pa namna hiyo. Walitoka hawajauliza swali hata moja, nao ni watoto wanaotoka katika nyumba zenye jiwe la kusagia mlangoni.

Lichukueni hilo jiwe la kusagia. Kikaratasi kitasema: jiwe la kusagia, itale, Teso. Sasa mwiteni bibi mmoja wa huku, mkeka utandikwe, jiwe liwekwe mbele yake. Atapiga magoti na kuwaonyesha jinsi jiwe la juu linavyoshikwa kwa mikono miwili, jinsi uzito unavyotoka kiunoni, siyo mabegani, na kwa nini wimbi husagwa pamoja na mhogo mkavu. Atawaambia kwamba jiwe likishakuwa laini mno halisagi tena, linaponda tu, kwa hiyo hugongwagongwa upya kwa jiwe gumu zaidi ili lipate ukali, na kwamba unga wa kwanza baada ya hapo una mchanga, hauliwi. Zile alama za kugongwa, ambazo mtaalamu huzichunguza kwa kioo cha kukuzia, yeye anajua mkono ulikuwa unatoka upande gani. Anajua jiwe lile aliachiwa na nani, na binti gani aliolewa akaligombea. Hakuna kitu katika maelezo hayo ambacho makumbusho inaweza kukipata kwa kulipima jiwe.

Hali ni hiyohiyo kwa mvunja kokoto. Mtu anayepita barabarani huona watu wameketi juani wakigonga. Machimboni kuna elimu ndefu. Mwamba wa itale haupigwi ovyo. Kwanza unasomwa, unatafutwa ufa, unagongwa kidogo na kusikilizwa. Jiwe zima hulia, jiwe lenye ufa huguna. Penye mwamba mkubwa usio na ufa, watu huwasha moto juu yake, kuni au tairi kuukuu, mpaka tabaka la juu linyanyuke, kisha unaingia mtaimbo, kisha nyundo kubwa, kisha mapande yanashushwa kwa akina mama na vijana wanaoyavunja kwa nyundo ndogo hadi saizi anayotaka mwenye nyumba. Anayejua kazi huligeuza jiwe mara mbili kabla ya kulipiga mara moja. Nimewaza sana jambo hili: mtu aliyechonga zana Ghuba ya Sango naye aliligeuza jiwe, akatafuta pembe, akapiga, kibanzi kikaruka. Mwanaakiolojia atatuambia ni lini. Pigo lenyewe mtu wa machimbo analijua kwa mkono wake, na ningetamani wawili hao waketi juani pamoja kutwa nzima, kila mmoja na jiwe lake, kabla hata herufi moja ya maelezo haijaandikwa.

Najua mtasema makumbusho hayajawahi kufanya kazi hivyo. Yamewahi. Makumbusho ya Taifa yalipokuwa chini ya Klaus Wachsmann, miaka ya 1940 na 1950, ala za muziki hazikuachwa zikae kimya. Waliajiriwa wapigaji, miongoni mwao Evaristo Muyinda, fundi mkubwa wa amadinda, ile marimba ya mbao, na ala nyingine za Buganda, wakazipiga humo humo mbele ya wageni. Ndiyo maana makumbusho ya Kampala yalisifika kuwa makumbusho yaliyo hai. Mwenye ujuzi alikaa pamoja na kitu chake, akalipwa, akafundisha wengine. Kilichofanywa kwa ngoma na amadinda kifanywe kwa mawe. Mvunja mawe, msagaji, na mama mfinyanzi mwenye kijiwe laini cha kung'arishia vyungu alichoachiwa na mama yake, wote hao ni mafundi.

Na wananchi hawajawahi kuyapa makumbusho kisogo. Mwaka 2011 ulipozuka mpango wa kulibomoa jengo la makumbusho hayo pale Kitante, Kampala, lile lililobuniwa na Ernst May na kufunguliwa 1954, ili pajengwe mnara wa biashara, raia wa kawaida walipaza sauti na wengine wakaenda mahakamani. Jengo lipo hadi leo. Watu waliolitetea jengo wana haki ya kuulizwa kinachowekwa ndani yake.

Nifike sasa kwenye jambo zito, ambalo bila hilo barua hii ingekuwa ya kupamba tu.

Huku Teso mwamba wenye mchoro na mwamba wa kokoto ni mwamba uleule. Itale haijui mpaka. Penye michoro ya kale, hatua chache pembeni, pana familia inayotafuta ada ya shule, na lori linasubiri. Mapande ya miamba yamekuwa yakivunjwa karibu na sehemu zenye michoro, moshi wa kuchomea mawe unapanda, na mtu akiulizwa anajibu kwamba shamba ni la babu yake. Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 244, inasema madini ni mali ya Serikali kwa niaba ya Jamhuri, lakini inatoa nje udongo wa mfinyanzi, murram (udongo mwekundu wa kutengenezea barabara), mchanga na mawe ya kawaida ya kujengea. Mwanakijiji hajasoma ibara hiyo, ila anaishi ndani yake: dhahabu ikipatikana shambani kwake ni ya taifa, kokoto ni zake. Upande wa pili kuna sheria ya kulinda kumbukumbu za kale, ya 1967 na sasa Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya 2023. Sheria mbili zinakutana juu ya jiwe moja, na aliyesimama juu ya jiwe hilo akiwa na nyundo hajaelezwa yoyote kati yake.

Mabango ya kukataza hayatatatua hili. Nimeona mabango, na nimeona yakipindwa kuwa mapaa ya mabanda ya kuku. Onyesho linaweza kusaidia, kama litajengwa na watu haohao. Mpigieni hesabu mvunja mawe mbele yake na pamoja naye: mwamba huu ukivunjwa unalisha nyumba kwa muda gani, ukibaki na michoro yake unaweza kulisha watu wangapi, kwa njia gani, na nani hasa atazipokea hizo fedha za watalii. Swali la mwisho ndilo linaloulizwa kila mara chini ya mwembe na halijibiwi. Majibu yakiwa ya kweli, hata yakiwa madogo, yaandikwe ukutani ukumbini kwa herufi kubwa, pamoja na jina la kijiji. Na onyesho lisiwageuze watu wa nyundo kuwa wahalifu wa historia. Wamejenga nchi. Kila shule, kila kituo cha afya, kila daraja ninalolijua limesimama juu ya kokoto iliyopita mikononi mwa mtu.

Hapo ndipo machimbo ya Kampala yanapoingia. Pale Banda na Kireka, mahali panapoitwa Acholi Quarter, wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini waliishia kuvunja mawe kwa mikono, wakiuza kwa dumu. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani, wanawake hao walichanga karibu dola 1,000 wakazipeleka kwa waathirika. Nchi yenye wanawake kama hao ikitengeneza onyesho la mawe lenye miamba na visukuku peke yake, itakuwa imeacha nje kilicho bora zaidi. Waulizwe wenyewe wanataka kusimulia nini. Huenda hawataki kusimulia kuchangia kwao hata kidogo. Huenda wanataka kusema habari ya vumbi lililowakaa kifuani, vibanzi vilivyowapofusha jicho, kuta za machimbo zilizoporomoka, na watoto waliokua na nyundo badala ya kalamu. Hayo nayo yawekwe, hata kama yatamkosesha raha mgeni rasmi.

Kuna mambo ambayo jamii haitataka yaonyeshwe, na hilo lazima mlikubali mapema. Wazee wa huku wanasimulia kuwa watu walikuwa wakienda Nyero kuomba mvua na kuomba watoto, wakiacha sadaka. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa urithi, wapo walokole wasiotaka hata kulisikia, wapo vijana wasiojua kabisa. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee nao hawana sauti moja. Msije mkamchukua mzee mmoja mwenye kanzu safi, mkampiga picha, mkasema jamii imeshirikishwa. Jamii ya mawe ni mwenye shamba, kibarua asiye na shamba, dalali wa lori, mama wa kokoto, mwalimu, mchungaji wa kanisa, imamu, na kijana mwenye simu anayewaongoza watalii kwa bodaboda. Waiteni wote, na waacheni wabishane mbele yenu. Mabishano hayo yakiandikwa vizuri yanaweza kuwa ukumbi wenye mvuto kuliko wote.

Tena kuna watu ambao hawako Teso na bado inafaa waulizwe. Watafiti wengi wanaihusisha michoro ya duara na wawindaji na wakusanyaji wa kale, na simulizi za huku zinasema waliotangulia kuikalia nchi hii walikuwa watu wafupi waliohama. Batwa wa leo, watu wafupi wa misituni, wako kusini magharibi, Kisoro, Kanungu na kwingineko. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, waliondolewa. Sidai kwamba babu zao ndio waliochora Nyero. Nasema kwamba onyesho likitaja watu wa misituni kama viumbe vya zamani vilivyokwisha, huku wajukuu wa watu kama hao wakiwa hai na hawana ardhi, litakuwa limewakosea mara ya pili.

Pale Fort Portal, mapango ya Amabere ga Nyinamwiru, mgeni huambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba maji yenye chokaa yanadondoka na kuganda yakawa mawe yanayoning'inia, na kwamba ni maziwa ya Nyinamwiru, binti wa mfalme Bukuku, mama wa Ndahura, mfalme wa Wachwezi wa simulizi. Sijawahi kuona mgeni aliyekerwa na kusikia yote mawili. Ninyi nanyi mwaweza. Jiolojia iseme yake, na watu waseme yao, kwenye ubao mmoja, kwa herufi za ukubwa sawa.

Kuhusu lugha nitasema kifupi, ingawa ndiyo kazi yangu. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Machimboni, Mteso, Mjopadhola, Mwacholi na Mkaramojong wanapokutana juu ya lori moja, mara nyingi ndicho wanachoelewana nacho. Maelezo yawe ya Kiswahili na ya lugha ya mahali jiwe lilipotoka, pamoja na Kiingereza. Na kwa wasiosoma, pawe na sauti zilizorekodiwa, za watu wenyewe. Kabla ya kuchapa ubao wowote, usomwe kwa sauti machimboni, na aliyepewa nyundo apewe pia ruhusa ya kusema: hapo mmekosea.

Malipo. Hili huwa linaachwa mwisho wa kikao, watu wakishaanza kuvaa viatu. Mtaalamu anayekuja na gari analipwa siku zake. Mama anayemweleza mambo ambayo hakuyajua anapewa nauli na asante. Anayetoa maarifa alipwe kwa siku zake, kwa mkataba alioelezwa kwa lugha yake. Jina lake liandikwe, kama anakubali, palepale linapoandikwa jina la aliyelikusanya jiwe. Mwezi Juni 2024 vitu 39 vilivyochukuliwa enzi za ukoloni vilirudi Kampala kutoka makumbusho ya chuo kikuu cha Cambridge. Tulifurahi. Lakini kwa vitu vya namna hiyo, katika makumbusho mengi duniani, daftari lina jina la mkusanyaji na halina jina la fundi. Tusiandike sisi wenyewe, leo, daftari la aina hiyohiyo.

Vioo viwe vichache. Jiwe haliogopi mkono wa mtoto kama nguo ya gome au ngozi inavyoogopa. Zana za asili zilindwe, hilo halina ubishi, lakini zichongwe nyingine mfano wake, na wachongaji wawe vijana wa machimbo waliofunzwa, kisha zikae mezani zishikwe, zinusiwe, zigongwe. Liletwe jiwe linalolia, liachwe lilie. Msikate hata kipande cha mwamba wenye mchoro kukileta Kampala. Michoro ipigwe picha kwa ukubwa wake halisi, mwamba ubaki unapoishi. Na onyesho lenyewe lisikae Kitante peke yake. Lifike Soroti, Moroto, Tororo, likae hata wiki kadhaa katika ukumbi wa shule, ili waliolitengeneza walione bila kukopa nauli.

Ombi la mwisho ni la kuanzia. Njooni Kumi kiangazi, kati ya Desemba na Februari, mashamba yanapopumzika na watu wengi wakiwa kwenye mawe. Njooni Jumapili mchana, baada ya ibada. Msije na bango wala hema. Mwembe upo, na viti tutaazima kanisani. Wataarifuni mapema mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, na wenye mashamba, maana kwao hodi ina uzito. Na kama stoo za Entebbe na Kitante zina zana za Ghuba ya Sango na Nsongezi zinazoweza kusafirishwa kwa usalama, zileteni chache ndani ya sanduku lenye pamba, mziweke mikononi mwa wavunja mawe wa Nyero, kisha mfungue madaftari yenu muandike wanachosema.

Nasubiri jibu lenu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Kumi